Sura ya Tisa: Jambazi Aliyeinama

Mwendesha mashtaka alimpigia simu Inspekta Murwani akiwa bado hajamaliza chai yake, na wala hakuuliza hali.

"Nataka jalada la yule msichana mezani kwangu jioni hii," alisema. "Hasemi waligombania nini, hakuna aliyemwona wakati mwalimu wake anaanguka, na kalamu yake imeokotwa ngazini. Bu Murwani, unangoja nini tena? Marehemu aje mwenyewe atoe ushahidi?"

"Nipe mpaka kesho."

"Kesho utaniambia kesho kutwa. Jioni hii."

Simu ikakatwa. Murwani aliilaza mezani kifudifudi, akamalizia chai iliyokwisha kupoa. Kesi inayokuja imejipanga vizuri ndiyo inayomtesa mpelelezi kuliko zote, na hii ilikuwa imejipanga kupita kiasi. Pak Kuntara, mkuu wa masomo ya uzamili ya uongozaji wa katuni na michezo ya kompyuta, alikutwa chini ya ngazi za nyuma za chuo chake baada ya sala ya alasiri, kichwa kimepasuka. Alilala hospitali bila fahamu, kisha akafa. Asubuhi ya siku ile ile wanafunzi walikuwa wamemsikia Ratri, yule msichana, akimpigia kelele ofisini kwake, mlango umefungwa. Hapa mjini Yogya mwanafunzi hampigii mwalimu kelele. Hilo peke yake lilitosha kumpaka mtu matope.

Ratri aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa amevaa sweta la kuazima. Sajenti Bonar alimvutia kiti, kisha akajibwaga kwenye chake mpaka kikalia.

"Tuanze tena, Nduk," alisema Murwani. Alimwita Nduk, binti, kama ambavyo angemwita yeyote wa umri ule; naye kila mtu alimwita Bu, mama, kama wanaume wazima walivyoitwa Pak, baba. "Ulikuwa wapi?"

"Musala. Nililala."

"Nani alikuona?"

"Bu, aliyelala hajui nani amemwona."

Bonar akacheka. Murwani hakucheka, ingawa jibu lilimpendeza. Wanafunzi wale wote walikuwa wakilala popote: musala, yaani chumba cha sala cha chuo, chini ya meza, juu ya mifuko ya vifaa. Muhula wa mwisho uliwamaliza. Hata wale waliohojiwa kama mashahidi walikuwa wakipiga miayo katikati ya sentensi.

"Na kalamu?"

"Ile ya kuchorea kwenye kompyuta? Kalamu zetu zinaazimwa kama chumvi kwa majirani. Yangu sikuiona tangu wiki iliyotangulia."

"Na kelele za ofisini?"

"Mambo ya kazi."

"Kazi gani?"

Ratri akanyamaza. Kila alipofikishwa hapo alinyamaza, na Murwani alikuwa amechoka kumfikisha hapo.

"Mwenzako Panji ametuambia alizisikia mwenyewe kelele zako," alisema.

Msichana akainua macho. "Panji ndiye aliyewaambia?"

"Ndiye wa kwanza."

"Aliwaambia tulikuwa tunagombania nini?"

"Alisema hajui."

"Basi na mimi sijui, Bu," Ratri akasema, na baada ya hapo hakufungua tena mdomo.

Nje, kwenye benchi la ukumbini, mama yake alikuwa amekaa na chakula kwenye vyombo vya kubebana, wali chini, tempe ya soya juu. Alisimama alipomwona Murwani.

"Atalala hapa na leo, Bu?"

"Sijui, mama."

"Wanasema akipelekwa kwa mwendesha mashtaka harudi tena."

Murwani angependa kumwambia kwamba wanasema uongo. Alimwambia akae, na akamwomba askari wa zamu ampelekee binti chakula kabla hakijapoa.

Yeye na Bonar walikuwa hawajafika kwenye gari daktari alipopiga simu. Alikuwa amemaliza ripoti ya maiti, na alikuwa na jambo asilotaka lisubiri karatasi.

"Hakuanguka alasiri," alisema daktari. "Nimezungumza na wauguzi waliompokea. Damu ya kichwani ilikuwa imekauka, na upande aliolalia mwili ulikuwa umekwisha kuvilia. Alianguka mapema, mara baada ya adhuhuri. Alilala pale muda mrefu, Bu. Angeokotwa mapema, leo ungekuwa unamhoji yeye."

"Una hakika?"

"Kama nina hakika ya kitu chochote wiki hii, ni hicho."

Murwani alimweleza Bonar walipokuwa wakisubiri taa za barabarani. Bonar alikuwa Mbatak wa Sumatra, mtu wa sauti kubwa, aliyehamishiwa Yogya na bado akiwashangaa wenyeji wake kwa kunong'ona.

"Kwa hiyo kila mtu tuliyemuuliza alikuwa wapi, tulimuuliza saa siyo," alisema.

"Kila mtu. Tuliwauliza habari za alasiri."

"Na msichana wetu bado alikuwa musala, amelala. Alilala adhuhuri mpaka alasiri?"

"Umemwona alivyo, ungemwacha alale mpaka Ijumaa. Twende tukaanze upya. Tuanze na Panji."

"Panji? Bu, yule ndiye pekee mwenye mashine ya kumshuhudia!"

"Ndiyo maana tunaanza naye. Wengine wote hawana kitu cha kukagua."

Chuoni walipokewa na Bu Anindita, mwalimu aliyekuwa akikaimu nafasi ya marehemu, mwanamke mwembamba ambaye tangu msiba alikuwa akizungumza kwa pumzi fupi fupi. Walivua viatu, wakamfuata hadi chumba cha kunasa mwendo. Kilikuwa mwisho wa ukumbi, na ng'ambo yake, hatua chache tu, palikuwa na mlango mzito wa ngazi za nyuma. Murwani aliusukuma mlango ule kwa bega, akautazama mteremko wa saruji, akaurudisha. Ulijifunga wenyewe, na sauti zote za upande wa pili zikakatika.

Chumba chenyewe hakikuwa na cha kutazama. Sakafu tupu, alama ya utepe pa kuanzia, alama nyingine pa kumalizia, kompyuta pembeni, na kamera ndogo zimezunguka dari. Kati ya alama ya mwisho na kompyuta, kando ya ukuta, palikuwa na kiti kimoja cha mbao chenye mto.

"Kiti cha nani?" aliuliza Murwani.

"Cha mwongozaji. Yaani, cha Pak Kuntara. Wanafunzi hawakikalii hata akiwa safarini."

Bu Anindita aliwasha kompyuta. Mwigizaji, alieleza, huvaa vazi jeusi la kubana lililobandikwa vitufe vinavyong'aa, na kamera za darini haziioni sura wala nguo, zinaona vitufe tu. Kwenye skrini hutokea nukta nyeupe zinazotembea kama mtu, na baadaye wachoraji huzivika mwili wowote wautakao. Panji alikuwa akiigiza jambazi wa mchezo wake wa mwisho wa masomo, mchezo ambao alikuwa mwongozaji wake na ambao ungempa shahada au kumnyima. Siku ile alifanya kazi peke yake kuanzia adhuhuri hadi watu walipopiga kelele ngazini.

"Na hawezi kuwa mtu mwingine ndani ya vazi?" aliuliza Bonar. "Rafiki yake, ndugu yake. Mtu anavaa, Panji anatoka zake."

"Mashine humpima mtu kabla ya kuanza, Pak Sajenti. Urefu wa paja, wa mkono, upana wa bega. Vipimo hivi ni vya Panji. Tumekwisha vilinganisha."

"Siku hizi hata jini lina vipimo," alinung'unika Bonar, lakini akaliacha.

"Na kamera ya kawaida?" Murwani aliuliza. Alikuwa amekiona kishikio chake kitupu juu ya kompyuta. "Ile inayoonyesha watu wenye sura?"

Bu Anindita alikohoa. "Huwa inawashwa kila mara. Pak Kuntara alikuwa mkali sana kuhusu hilo. Siku ile Panji anasema kadi ilijaa."

"Yeye ndiye anasema."

"Bu, watoto hawa wamechoka. Wanasahau hata kula."

Wakaanza kutazama. Mtu wa nukta alisimama kwenye alama, akatikisa mabega, akatembea kwa kishindo kuvuka chumba, kifua mbele, mikono mbali na mwili, jambazi anayejua kwamba barabara nzima ni yake. Akafika alama ya mwisho. Kisha mabega yakamlegea, akageuka, akaenda upande wa kompyuta, na picha ikakatika.

"Hapo mwisho anafanya nini?" aliuliza Murwani.

"Anakwenda kuzima. Yuko peke yake, hana wa kumzimia. Kipande hicho tunakiita mkia. Hukatwa siku ya kusafisha na hakuna anayekitazama. Hivi vina mikia kwa sababu nyinyi mlisema tusiguse kitu."

Kipande cha pili kilikuwa kama cha kwanza, na cha tatu kama cha pili. Jambazi alitembea, akafika, akalegea, akazima. Bu Anindita alikuwa akiwaonyesha tofauti ambazo wao hawakuziona: hapa nyonga imechelewa, hapa uzito haukushuka kwenye kisigino. Bonar alishika shavu kwa kiganja, jicho moja limefumba. Nje mvua ilianza, ikanyesha, ikaacha. Pakaja vipande vingine, na vingine baada ya hivyo. Hata Murwani alikuwa akijilazimisha.

"Huyu naye kaangusha nini?" Bonar alisema ghafla, bila kufumbua jicho la pili. "Ameinama."

"Vitufe hubanduka," alisema Bu Anindita. "Ni jambo la kila siku."

Wakaendelea. Baada ya muda kukatokea pengo ambapo hapakurekodiwa kitu, kama muda wa mtu kunywa chai bila haraka. Panji alikwisha kulieleza tangu mwanzo: alipumzika, akabandika vitufe upya. Baada ya pengo vipande vilifuatana bila nafasi, kimoja mgongoni mwa kingine, mpaka alasiri.

"Sasa hapa alichangamka," alisema Bu Anindita kwa sauti ya mwalimu aliyesahau kwa nini amekaa pale. "Alivyokuwa akizembea mwanzoni! Tazama mwendo huu."

Murwani aliomba samahani, akatoka kwenda kunawa uso. Maji ya bombani yalikuwa vuguvugu na hayakumsaidia. Aliporudi, njia ya kiti chake ilipita mbele ya Bu Anindita na Bonar, kati yao na skrini. Akapunguza kimo, akateremsha mkono wa kulia mbele ya goti, akanong'ona nyuwun sewu, kuomba radhi ya kupita, akapita.

Bonar akaangua kicheko. "Bu, jamani! Kwetu mtu anapita wima, anasema pisha. Nyinyi kila mkipita mbele ya mtu ni kama mmedondosha hereni. Mtavunjika migongo!"

Murwani hakuketi.

"Rudisha nyuma," alimwambia Bu Anindita.

"Wapi?"

"Pale Bonar alipouliza ameangusha nini. Mkiani."

Mtu wa nukta akarudi. Akafika alama ya mwisho, mabega yakalegea, akageuka kwenda kuzima. Na katikati ya njia, mbele ya kile kiti cha mbao, akapunguza kimo. Bega la kulia likashuka, nukta za mkono wa kulia zikateremka mbele ya goti, akaenda hatua mbili tatu hivyo hivyo, kisha akanyooka na kufika kwenye kompyuta.

"Nukta za vidole," alisema Murwani. "Zimegusa sakafu?"

Bu Anindita alisogeza uso karibu na skrini. "Hapana."

"Kuna kitufe chochote kilichopungua kabla ya hapo?"

"Hapana. Vyote vipo."

"Kipande kinachofuata. Mkiani."

Aliinama tena, pale pale. Kilichofuata, vivyo hivyo. Katika vipande vya mwanzo kabisa alikuwa amepita wima. Kisha palikuwa na kundi la vipande alivyoinama mkiani kila mara, mbele ya kiti. Kisha pengo. Baada ya pengo alipita wima mpaka mwisho.

Bu Anindita aliweka kiganja mdomoni. Yeye alikuwa mtaalamu wa nyonga na visigino, na mwinamo ule ulikuwa umempita mbele ya macho mara zote zile. Nani angeuona? Hapa Yogya jicho lingeshtuka tu kama mtu asingeinama.

"Mama yangu," alisema Bonar polepole. Sasa macho yote mawili yalikuwa wazi. "Kiti kilikuwa na mtu."

"Kiti ambacho wanafunzi hawakikalii."

"Mzee alikuwa humu."

"Alikuja, akakaa, akatazama. Halafu likaja pengo, na baada ya pengo hayumo tena. Kamwite Panji. Usimkimbize. Mwambie tunataka atueleze mambo ya mashine tusiyoyaelewa."

Panji Wiratmoko aliingia na kikombe cha kahawa mkononi, kijana mrefu, shati limevaliwa nje ndani bila mwenyewe kujua. Alimsalimu Murwani kwa kugusisha mgongo wa mkono wa inspekta kwenye paji lake la uso, na akaketi sakafuni, ingawa palikuwa na viti.

"Mas Panji, utatusamehe. Sisi ni watu wa wezi wa pikipiki, haya ya nukta yanatushinda," alisema Murwani, akimwita Mas, kaka, kwa heshima. "Siku ile hakuna aliyeingia humu?"

"Hakuna, Bu."

"Hata kuchungulia?"

"Mlango nilikuwa nimeufunga. Nikiwa kwenye vazi lile sipendi watu."

"Pak Kuntara je? Alikuwa mwongozaji wako."

"Mimi ndiye mwongozaji, Bu. Yeye alikuwa msimamizi." Alilisema upesi mno. "Hakuja. Ningefurahi angekuja."

"Na huyu jambazi wako, ni mtu wa namna gani?"

Panji akachangamka kidogo. "Hana adabu. Amelelewa sokoni. Hampishi mtu, hainamii mtu, hata akipigwa bunduki anaanguka akiwa amekaza shingo."

"Hainamii mtu."

"Hata mfalme."

Murwani aliashiria, na Bu Anindita akaachia kipande. Jambazi akavuka chumba. Mabega yakalegea. Mtu wa nukta akainama mbele ya kiti.

Bu Anindita akaachia mkia uliofuata, na uliofuata. Hakuambiwa. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta.

"Nilikuwa naokota kitufe," alisema Panji.

"Mahali pamoja, kila mara, bila kugusa sakafu?"

"Bu, nilichoka. Sikumbuki. Mtu akichoka mwili unafanya mambo yake."

"Hilo nalikubali," alisema Murwani. "Mwili wako umelelewa vizuri. Ulifuta picha za kamera ya kawaida kwa sababu zina sura za watu. Hizi ukaziacha, kwa kuwa hazina sura, na kwa kuwa ulizihitaji zikutetee. Hukukumbuka kwamba uliinama. Na mimi nisingekumbuka, Mas. Nimeinama hapa sasa hivi na nisingejua kama huyu Mbatak asingenicheka."

Panji aliweka kikombe chini.

"Alikuja baada ya adhuhuri," alisema hatimaye. "Akakaa. Kila nikimaliza anasema rudia. Hasemi kwa nini. Nikarudia, nikarudia. Nilikuwa sijalala tangu juzi yake. Mwishowe nikamuuliza, Pak, nirekebishe nini? Akasema, unaona, Panji, ndicho ninachokisema. Unatii vizuri sana. Mwongozaji angekwisha niambia nitoke. Akasema mchezo wangu anampa mtu mwingine aumalizie. Alimpa Ratri asubuhi, Ratri akakataa, akamfokea. Akasema atampa mwingine basi, lakini mimi hapana."

"Kwa hiyo zile kelele ulizotuambia zilikuwa za kukutetea wewe."

Panji alikigeuzageuza kikombe sakafuni.

"Nimekuuliza."

"Ndiyo, Bu."

Bonar alitukana kwa Kibatak, kwa sauti ndogo, jambo ambalo Murwani hakuwahi kulisikia.

"Akaondoka kupitia ngazi za nyuma," Panji aliendelea. "Nikamfuata, nikamshika mkono wa shati. Nilitaka kumwomba tu. Akajinasua. Sikumsukuma, wallahi sikumsukuma, alijinasua kwa nguvu na ngazi zilikuwa nyuma yake. Kalamu ya Ratri ilikuwa sikioni kwangu. Sikujua kama imeanguka."

Palikuwa na swali moja ambalo Murwani, tangu simu ya daktari, hakuwa na hamu ya kuliuliza.

"Alipofika chini, alikuwa amekufa?"

"Nilidhani hivyo."

"Panji."

Kijana alijikunja sakafuni, uso magotini.

"Alikuwa anaita," alisema. "Ananiita mimi. Si kwa ukali. Kama anavyoniita darasani nikisinzia. Nikaona nikishuka, yamekwisha, masomo, mchezo, kila kitu. Nikaona labda atasikika na mtu mwingine. Mlango ukajifunga. Nikarudi humu nikaanza kurekodi, ili ionekane nilikuwa humu."

"Mlango ule mzito," alisema Murwani.

"Ukifungwa husikii kitu."

Bu Anindita alizima skrini. Vipande alivyorekodi Panji baada ya pengo ndivyo vile alivyovisifu, na sasa hakutaka viendelee kuwa mbele yake. Bonar alimwinua Panji kwa kwapa, polepole, akamfungia kifungo cha shati kilichokuwa kimeachia, kisha ndipo akamtia pingu.

Mwendesha mashtaka alipata jalada lake jioni ile, isipokuwa jina lilikuwa jingine. Hakushukuru. Alisema laiti angeambiwa mapema, na Murwani akamwacha aseme.

Ratri alitolewa rumande wakati mama yake akiswali kwenye chumba cha nyuma cha kituo. Walikaa wawili tu, yeye na Murwani, kwenye lile benchi la ukumbini. Murwani alimweleza kwa maneno machache. Msichana alisikiliza mpaka mwisho bila kushangaa hata mara moja, na hilo ndilo lililomkera inspekta.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua Pak Kuntara alikuwa anakwenda kwake baada ya adhuhuri. Aliniambia mwenyewe, nilipokuwa namfokea."

"Na ukanyamaza! Mama yako amekaa hapa tangu lini? Ungekwenda jela, Nduk, kwa ajili ya mtu aliyekutaja wewe wa kwanza. Unajua jela wewe?"

"Hakuwa mtu mbaya, Bu. Tumesoma pamoja tangu shahada ya kwanza. Nilisema moyoni, Panji hataniacha humu. Nikiwaambia mimi, atakuwa muuaji aliyekamatwa. Akija mwenyewe, itakuwa ajali, na atakuwa mtu aliyesema kweli." Alivuta mikono ya lile sweta ikafunika vidole. "Nilikuwa namsubiri aje mwenyewe."

Murwani alimsogelea kwenye benchi.

"Hakuja, mwanangu," alisema. "Tumemfuata."

Ratri aliitikia kwa kichwa. Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu akamatwe, na mama yake aliyetoka kuswali alikimbia akimshukuru Mungu, akidhani ni machozi ya furaha.